Lenzi Inagonga, Ringi Haina Mwisho: Hujapigwa

"Fundi, nimepigwa." Halafu inafuata video: mkono unatikisa lenzi, ndani kunagonga ko-ko-ko, ringi ya fokasi inazungushwa na haifiki mwisho. Kijana kainunua Kariakoo, mtumba, sasa anataka nithibitishe kwamba ni mbovu akadai hela yake. Lenzi iko mezani, haijafungwa kwenye kamera, haina umeme. Ulitaka ikuambie nini?

Ringi kwanza, maana hiyo ni fupi. Lenzi nyingi za mirolesi (kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani) ringi yake haijashikana na vioo vya ndani. Sensa inasoma mzunguko, prosesa inaamua, mota inasogeza vioo. Kamera ikiwa imezimwa, unazungusha ringi tupu. Kitufe cha sauti cha redio ya gari nacho kinazunguka bila mwisho, na sijasikia mtu akirudisha gari.

Wala msiniambie za DSLR, zile kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi, zote zilikuwa "za kweli". Canon EF 85mm f/1.2L II, pamoja na bei yake, ringi yake ilitegemea umeme vilevile. Hata EF 50mm f/1.8 STM ya 2015, ambayo wapiga picha wengi wa send-off mjini wameipitia: pua ikibaki nje baada ya kuzima kamera, hairudi mpaka uwashe tena. Wanaoisukuma kwa kidole wananiletea kazi, kwa hiyo endeleeni.

Sasa ko-ko-ko. Baadhi ya lenzi hizi zina mota ya linia, inayosukuma vioo moja kwa moja: haina gia wala skrubu, ni koili na sumaku. Kundi la vioo linateleza juu ya vyuma vyembamba, na kinacholishika mahali pake ni umeme. Ukikata umeme, linaserereka. Fujifilm XF 90mm f/2 inagonga hata ikiwa mpya ndani ya boksi. Mota za stepa, zinazosogea hatua kwa hatua, nyingi zina skrubu inayoshika vioo, ndiyo maana ukitikisa ziko kimya zaidi. Vidhibiti mtikisiko navyo vina mlio wao.

Lakini kwa sikio tu hata mimi siwezi kutofautisha lenzi nzima na iliyoanguka ikapinda vyuma. Zote ko-ko-ko. Ifunge kwenye kamera, washa: kugonga huko kunapaswa kukoma. Peleka fokasi karibu na mbali mara kadhaa. Ikikwama au ikikwaruza, hapo tuna la kuzungumza. Na hata ikipita, siwezi kukuapia kwamba haijawahi kudondoka kwenye bodaboda.

Kinachonikera zaidi ni watu wa video. Anabandika tepu kwenye ringi: alama ya MC, alama ya bi harusi. Mara ya kwanza inakaa, ya pili inapitiliza, basi "lenzi inateleza". Haitelezi! Kwenye mpangilio wa kawaida wa nyingi, kamera inaangalia *kasi* ya mkono wako. Robo mzunguko ya polepole inasogeza fokasi kidogo, robo hiyohiyo ya haraka inairusha mbali. Alama yako ya tepu haina maana hata kidogo. Ingia kwenye menyu utafute mpangilio wa linia, ambao fokasi inafuata umbali uliozungusha ringi, si kasi. Fujifilm, Canon R na Nikon Z nyingi wanao, na baadhi ya Lumix zinakuachia uchague hata nyuzi za mzunguko wa ringi: 90, 180, 360. Si kila lenzi inakubali, kwa hiyo jaribu kabla ya siku ya shughuli, si ukumbini. Mpiga picha mnato abaki na ule wa kasi: ukikuza picha kwenye skrini, mkono wa polepole unakupa hatua ndogo mno, na kwa kazi hiyo naupenda kuliko linia.

Kuna wanaodhani ringi ya kuvuta nyuma, kama ya M.Zuiko 12-40mm f/2.8 PRO, ni ya mitambo kwa kuwa ina namba za umbali na inagota pande zote mbili. Inapendeza mkononi, lakini vioo bado vinasukumwa na mota. Ukitaka chuma kwa chuma, nenda Voigtländer. Mimi hata kwenye linia nahisi fokasi inachelewa kunifuata, na wenzangu wananicheka kwamba inayochelewa ni skrini. Huenda wako sahihi.

Ukienda Kariakoo, beba kamera yako na betri iliyojaa. Muda uliotaka kuutumia kutikisa, mulika vioo kwa tochi ya simu utafute ukungu. Kwa joto na unyevu wa Dar, huo ndio unaojaza meza yangu.