"Mawazo yamenikausha mayai"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno; siku hizi mgonjwa akianza tu, naweza kummalizia. Ana miaka 37, katoka kwenye talaka au msiba, hajaona siku zake miezi mitano, na tayari amejihukumu: mayai yamekauka, amekoma hedhi kabla ya wakati.

Hayajakauka kwa mawazo. Msongo mkali unagusa ubongo kwanza. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, ikielemewa na dhiki, njaa au mazoezi ya kupindukia, inapunguza ishara zake. Pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, nayo haitoi vya kutosha FSH na LH, homoni zinazoamsha ovari (kiungo kinachotunza mayai), na ovari inakaa bila kazi, mayai yake yakiwa humo humo. Hali hiyo hurekebishika. Hedhi inapokoma kwa sababu ovari imechoka, mambo ni kinyume: pituitari inaita kwa nguvu, FSH inapanda, na ovari haiitikii. Ukiangalia kwa nje utadhani ni kitu kimoja: hedhi hakuna, uke mkavu. Kipimo cha damu ndicho kinachoyatenganisha, kwa hiyo usiniambie umekoma hedhi kabla hujapimwa.

Zipo tafiti zilizohusisha maisha ya dhiki na kukoma hedhi mapema kidogo. Sawa, lakini dhiki mara nyingi huja na sigara, na sigara peke yake yaweza kuwahisha ukomo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Mtu anavuta pakiti kwa siku halafu analaumu mawazo!

Wanaoniudhi zaidi, kusema kweli, si wagonjwa. Ni watoa huduma wenzangu wanaosema "ni stresi tu, kapumzike". Stresi inapendwa kwa sababu haidai kipimo. Mwanamke aliye chini ya miaka 40 na ovari zake zimeacha kazi anarudishwa nyumbani na ushauri wa kulala mapema, huku mifupa yake ikipungua uimara kwa kukosa estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, na moyo wake ukiingia hatarini. Huyo anahitaji kutafutiwa chanzo: kasoro ya kromosomu (vibeba urithi), kinga ya mwili inayoshambulia ovari, tiba ya saratani aliyowahi kupata. Mara nyingi chanzo hakionekani, lakini tiba ya homoni anapewa, kwa kawaida hadi karibu miaka 50, isipokuwa kuna sababu ya kumzuia.

Kabla ya FSH, pima ujauzito. Ndiyo, hata wewe unayeapa haiwezekani. Kisha tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa.

Sindano ya uzazi wa mpango? Inasimamisha hedhi, na baada ya kuiacha yaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Huo si ukomo.

Joto la ghafla usiku? Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hutoa jasho vilevile.

"Nina 44, basi nimekoma kabla ya wakati." Kati ya 40 na 45 tunaita mapema, chini ya 40 ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Na ukomo wa kawaida huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, si mitatu.

Hata waliothibitishwa kwamba ovari zimeacha kazi kabla ya 40, wapatao 5 hadi 10 katika 100 hushika mimba wenyewe. Kama hutaki mtoto, usitupe kinga. Na ukija kwangu, njoo na tarehe za hedhi zilizoandikwa. "Kama miezi mitatu hivi" si tarehe.