Miaka mingi kazini haimtangulizi karani wa reli India

Wengi huamini kuwa karani wa Reli za India aliyeajiriwa zamani ndiye hupanda cheo kwanza. Sivyo. Ukongwe, yaani nafasi ya mtu kwenye foleni ya kupanda cheo, huhesabiwa ndani ya daraja na kitengo. Aliyeomba mwenyewe kuhamia divisheni nyingine huwekwa chini ya wote aliowakuta kwenye daraja lile, hata walioajiriwa baada yake. Akihamishwa kwa maslahi ya kazi, ukongwe wake hubaki. Kukaimu kwa muda nje ya kanuni nako hakuhesabiwi.

Kinachowaumiza zaidi makarani wanaopinga ukongwe waliopangiwa ni kuchelewa. Sheria ya India ya 1985 kuhusu mabaraza ya mashauri ya watumishi wa umma inatoa mwaka 1 tu, tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri, kufungua shauri kwenye baraza hilo. Rufaa ya ndani kwa mwajiri isipojibiwa kwa miezi 6, mwaka huo huanza miezi hiyo inapoisha. Barua za kukumbushia hazisogezi tarehe.