“Dawa Ilishatoka Mwilini”: Jibu kwa Wanaowaambia Wagonjwa Kuwa Wanajidekeza

Nimeisoma tena, safari hii katika barua ya rufaa ya tabibu mwenzangu: mgonjwa aliacha benzodiazepini, dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, miezi kadhaa iliyopita, dawa ilishatoka mwilini, vipimo ni vya kawaida, kwa hiyo ganzi, misuli kurukaruka na masikio kuvuma ni mawazo tu. Ndugu zake nao wamekwisha kuipokea hukumu hiyo na kuitia katika lugha ya nyumbani, kwamba anajidekeza.

Nusu ya hoja hiyo siipingi. Alprazolamu, mojawapo ya dawa hizo, hupungua kwa nusu katika damu kwa muda wa saa 11 hivi, na hata diazepamu, ambayo pamoja na nordiazepamu, kemikali inayozalishwa mwili unapoivunja, hukawia kwa siku nyingi, haiwezi kusingiziwa baada ya miezi. Kosa limo katika hiyo “kwa hiyo”. Hakuna aliyedai kwamba dalili hizi zinaletwa na masalia ya dawa. Zinaletwa na kukosekana kwake, katika mfumo wa neva uliojipanga upya kwa kuizoea. Benzodiazepini huipa GABA, kemikali inayotuliza ubongo, nguvu kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za neva zinazoipokea, na dawa ikimezwa kila siku kwa wiki nyingi, vipokezi hupunguza mwitikio huku upande wa glutamati, kemikali inayouchangamsha ubongo, ukijiimarisha. Ini litaisafisha dawa kwa ratiba yake, lakini vipokezi havifuati ratiba ya ini.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1981, watafiti Petursson na Lader wa London walionyesha dalili za kuacha dawa kwa watu waliotumia dozi za kawaida za matibabu kwa muda mrefu, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba kwa baadhi ya watu dalili hizo zimedumu kuanzia wiki kadhaa hadi zaidi ya miezi 12.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni jibu lile jepesi la kwamba “wasiwasi wake umerudi”. Huenda umerudi, lakini je, kuna aliyemuuliza mgonjwa alikuwa na dalili zipi kabla ya kidonge cha kwanza? Moyo kwenda mbio, jasho na kutetemeka havinisaidii kuamua, kwa sababu wasiwasi wenyewe huvileta. Nakumbuka fundi cherehani aliyekuja mara ya kwanza kwa sababu ya mashambulio ya hofu, kifua kikimbana na pumzi ikimkatikia. Alipoacha lorazepamu, benzodiazepini nyingine, kifua kilikuwa shwari kabisa, ila vidole vilimwaka kana kwamba ametwanga pilipili, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na mwanga wa taa ya mashine yake ulimuumiza macho. Alikuwa akipata siku kadhaa za nafuu, kisha mateso yanarudi bila sababu aliyoweza kuitaja. Dalili mpya, zenye kupanda na kushuka namna hiyo, zilizoanza baada ya dozi kupunguzwa, si ugonjwa wa zamani uliobadili nguo.

Hata hivyo, kigezo hicho si kikali kama ninavyotamani. Wasiwasi pia huweza kuleta ganzi na mvumo masikioni, na hakuna kipimo cha damu kitakachotutenganishia mambo hayo mawili. Ndiyo maana napima kwanza tezi ya shingo, sukari, wingi wa damu na vitamini B12, maana kuna wanaosingizia dawa kila kitu huku wakiugua kingine. Wala haijathibitishwa kwa nini wachache huendelea kuumwa kwa miezi mingi ilhali wengi hutulia mapema. Maelezo yangu ya vipokezi yanatosha kwa wiki za mwanzo, na kadiri miezi inavyosonga ndivyo yanavyogeuka kuwa dhana.

Aliyekwisha kuacha zamani simrudishii dawa kwa haraka, kwa kuwa huweza kuupata tena utegemezi bila kuipata nafuu. Anayeimeza bado asithubutu kuiacha ghafla, kwani degedege la kuacha benzodiazepini huweza kuua. Kwa kawaida napunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na mwili ukigoma tunasimama kwenye dozi hiyo hiyo hadi utulie, hata kama ndugu wanaona tunachelewa.