Kifurushi cha "Bila Kikomo" Kina Kikomo: Jinsi ya Kujua Kama Umebanwa Kasi

Kazi yangu ni mitandao. Nimewahi kukaa upande wa mtoa huduma, kwenye chumba cha seva zinazoamua mteja apewe kasi gani, na sasa nawafungia watu intaneti majumbani na maofisini hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Bamburi. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: mteja amelipia megabiti 10 au 20 kwa sekunde, tangazo limesema "bila kikomo", wiki mbili za mwanzo mambo ni shwari, kisha video zinaanza kuzunguka na mkutano wa Zoom unakatika-katika. Anazima ruta, anaiwasha. Anaita fundi, fundi anabadilisha waya. Hali ni ile ile mpaka alipe tena, na hapo mtandao unafufuka kana kwamba haukuumwa.

Tatizo kama hilo haliko nyumbani kwake. Kwa mtoa huduma kuna seva ya RADIUS, ambayo humtambua kila mteja anapoingia mtandaoni na kuhesabu data yote anayopakua na kupakia. Hesabu ikifika kiwango kilichowekwa, tuseme gigabaiti 500, seva hutuma amri fupi kwa mtambo unaopitisha data: huyu mtoe kwenye megabiti 10, mweke kwenye 1. Hakuna mtu anayebonyeza kitufe. Amri inajituma yenyewe, mchana au usiku wa manane, na tangu sekunde hiyo pakiti zako, yaani vipande vidogo vya data, zinazozidi kiwango kipya zinapangwa foleni au zinatupwa. Programu zako zikiona pakiti zinapotea, zinapunguza mwendo. Tarehe ya malipo ikifika, hesabu inarudi sifuri. Kwenye masharti ya huduma jambo hili huitwa sera ya matumizi ya haki. Wateja wengi niliokutana nao hawajawahi kuisoma, na siwalaumu, maana ajenti aliyewajia mlangoni na fomu hakuitaja.

Gigabaiti 500 husikika kuwa nyingi, basi tupige hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 10 ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 4.5, kwa siku nzima 108, na kwa mwezi wa siku 30 ni 3,240. Anayekuuzia megabiti 10 bila kikomo kisha akakubana ukifika 500, amekupa chini ya sehemu moja ya sita ya kile ambacho kasi hiyo ingeweza kukuletea. Utaniambia hakuna nyumba inayopakua saa 24, na ni kweli. Lakini televisheni moja inayoonyesha Netflix kwa HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Saa tano kwa siku, siku 30, ni gigabaiti 450. Hapo hujawahesabu watoto wanaosoma mtandaoni, simu za wageni, kamera za ulinzi zinazotuma picha usiku kucha, wala masasisho ya simu na kompyuta. Mwezi wa Ramadhani, nyumba ikikesha hadi daku, kikomo hicho hufika mapema zaidi. Na ukishushwa hadi megabiti 1, kumbuka kwamba Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya full HD. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni intaneti ya kusomea barua pepe.

Sipingi kila aina ya kikomo. Mtandao wa faiba ni mali ya kushirikiana. Katika mfumo wa GPON, ambao umeenea sana majumbani, uzi mmoja hubeba gigabiti 2.488 kwa sekunde za kushuka na 1.244 za kupanda, na kigawanyishi kilicho mtaani huugawa kwa nyumba 32 au 64. Zikiwa 32 na zote zikipakua kwa pamoja, kila moja bado inapata megabiti 77 hivi, ambazo zinatosha kabisa kwa vifurushi vya 10 na 20. Msongamano huanzia mbele zaidi, kwenye njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ambako mitambo mikuu ya watoa huduma wengi imekaa, na kwenye njia za kwenda ng'ambo. Huko kampuni hununua uwezo mdogo kuliko jumla ya ilichouza, ikijua kwamba wateja hawatumii wote kwa mkupuo. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa kote duniani, na bila hivyo bei isingeshikika.

Lakini msongamano una saa zake. Unaanza baada ya magharibi na kulegea saa nne au saa tano za usiku. Kikomo cha mwezi hakiangalii saa. Kijana anayepakua mafaili makubwa saa tisa za usiku, njia ikiwa tupu, anahesabiwa sawasawa na anayepakua saa mbili usiku watu wote wakiwa mbele ya televisheni. Pale kivuko cha Likoni, foleni ya asubuhi haiwezi kupungua kwa kumzuia mtu aliyevuka mara nyingi usiku wa manane. Anayetaka kweli kulinda mtandao hubana wakati njia imejaa, akianza na wanaotumia zaidi dakika hizo, kisha anaachilia njia ikifunguka. Teknolojia hiyo ipo na ni ya siku nyingi.

Wakati mwingine huletwa hoja ya gharama: data inatoka ng'ambo kwa kebo za baharini, na kila gigabaiti ina bei yake. Hoja hii huwaingia watu wa Mombasa haraka kwa sababu kebo zenyewe zinatua kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikaanza kazi 2010, na nyingine zimefuata. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake wanaoikumbuka wanaijua. Ila mtoa huduma anaponunua uwezo wa kwenda ng'ambo, kwa kawaida halipii jumla ya gigabaiti. Analipia upana wa njia, kwa megabiti, na mara nyingi kipimo kinachotumika ni kile cha saa za matumizi makubwa. Gigabaiti unayopakua alfajiri njia ikiwa tupu haimwongezei bili. Tena sehemu kubwa ya video haivuki bahari kila unapoitazama. Google na Netflix wana seva zao za akiba ambazo huziweka ndani ya mitandao ya watoa huduma, na filamu maarufu hukaa humo humo. Kwa hiyo ninapoona kikomo cha mwezi kinachodumu mchana na usiku mpaka ulipe upya, naona chombo cha mauzo, cha kumsukuma mteja apande kifurushi cha juu. Kuuza vifurushi kwa viwango si dhambi. Dhambi ni kuuza hivyo huku bango la barabarani likisema kinyume.

Marekani waliligusa hasa suala hili. Oktoba 2014 tume yao ya biashara, FTC, ilishtaki AT&T kwa kuwapunguzia kasi wateja wa simu waliokuwa na mpango wa data usio na kikomo. Zaidi ya wateja milioni 3.5 walikuwa wamebanwa, wengine baada ya kutumia gigabaiti 2 tu kwa mwezi. Kesi iliburutwa hadi Novemba 2019, AT&T ikakubali kutoa dola milioni 60. Ninachowaomba wasomaji wakiangalie ni sharti lililoambatana na fedha hizo. Kampuni haikukatazwa kubana kasi. Ilikatazwa kutangaza data isiyo na kikomo bila kuonyesha mipaka yake waziwazi, na mipaka hiyo isifichwe kwenye maandishi madogo wala nyuma ya kiungo ambacho mtu hakibonyezi. Hicho ndicho ninachokitaka kwetu, wala sitaki zaidi.

Sasa, utajuaje kama umebanwa au ni matatizo mengine? Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima vifaa vingine, upime kasi asubuhi mapema, alasiri, na tena saa tatu usiku. Fanya hivyo siku kadhaa na uandike matokeo pamoja na tarehe na saa. Mteja aliyebanwa utamtambua kwa mstari ulionyooka: 1.9, 2.0, 1.9, 2.0, mchana na usiku, kama uliochorwa kwa rula. Hali ya kawaida haina unyoofu huo. Ikiwa asubuhi unapata 18 na usiku 4, huo ni msongamano, na unaweza kumlalamikia mtoa huduma kwamba ameuza kupita uwezo, lakini si kikomo. Ikiwa kipimo kinatoka vizuri na video peke yake ndiyo inayogoma, pima tena kwa fast.com. Tovuti hiyo ni ya Netflix na hupima kwa kutumia seva za Netflix, kwa hiyo anayebana video hawezi kuipa njia ya upendeleo bila kuipa na video. Pia jaribu VPN, programu inayoficha aina ya data unayopitisha: video ikikaa sawa ndani ya VPN na kugoma nje yake, shuku kwamba trafiki inabaguliwa kwa aina yake.

Kuna siku ambazo kosa si la mtoa huduma wako hata kidogo. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa hapa Mombasa na kuikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja huko kusini, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Dalili yake ni kwamba majirani wenye kampuni tofauti wanalia siku ile ile.

Na kuna kuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene kweli kweli, na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yanachoka ukuta wa pili. Nimeingia nyumba ambazo sebuleni kasi ni kamili na chumba cha nyuma hakuna kitu. Hapo dawa ni kuvuta waya hadi nyuma na kuweka kisambazaji cha pili. Ndiyo maana nasisitiza upime kwa waya kwanza, usije ukaenda kupigana na kampuni ilhali adui ni ukuta wa babu yako.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la maploti. Kisauni, Mikindani, Changamwe, na kwingineko ambako wapangaji ni wengi, mtu huchukua laini moja ya faiba ya nyumbani, akaweka ruta ya MikroTik, akavuta nyaya hadi vyumba 20 au 30 na kuuza kwa wiki au kwa mwezi. Kila mpangaji anaambiwa ana megabiti 5 bila kikomo. Lakini laini mama ina sera yake ya matumizi, na kwa kampuni ile ploti nzima ni mteja mmoja. Kikomo kikifika, wapangaji wote wanashuka pamoja na kugawana megabiti zilizobaki. Mpangaji hana mkataba wala risiti zaidi ya ujumbe wa M-Pesa, na akimuuliza muuzaji anajibiwa kwamba "kebo ina shida". Hawa ndio watu ambao pesa ya intaneti wanaitoa kwenye pesa ya chakula, ili mtoto afanye kazi ya shule au mama auze nguo zake mtandaoni. Anayeuza hivyo anapaswa kuwa na leseni, na anapaswa kununua laini inayoruhusu kuuzwa tena, ambayo bei yake ni nyingine. Ukipanga mahali pa namna hiyo, muulize muuzaji laini yake ni ya aina gani kabla hujatoa senti.

Sheria tunayo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mamlaka ya Mawasiliano nayo hupokea malalamiko ya wateja, lakini itataka kwanza kuona kwamba ulimlalamikia mtoa huduma na hukuridhika. Kwa hiyo ukipiga simu huduma kwa wateja, omba nambari ya malalamiko na uiandike. Ambatisha jedwali lako la vipimo. Mtu akisema tu "mtandao ni mbaya" hupewa jibu la kuzima na kuwasha ruta. Anayeleta vipimo vya siku kadhaa, vyote vikiwa megabiti 2, huhamishiwa kwa mhandisi, na mhandisi akifungua akaunti yako ataona mara moja umewekwa kwenye kiwango gani na tangu lini. Mwombe akuandikie hilo kwa barua pepe.

Kwa anayetaka kuunganishwa upya, mwulize ajenti maswali matatu kabla hujajaza fomu. Je, nikitumia gigabaiti ngapi kwa mwezi nitapunguziwa kasi? Nitapunguziwa hadi megabiti ngapi? Na hesabu inaanza upya tarehe gani? Akisema hakuna kikomo, mwambie akutumie jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa kampuni, si kutoka kwa simu yake, kisha lihifadhi pamoja na risiti ya malipo ya kwanza.