Oskiloskopu ya Zamani Haipokei Ishara Tu

Katika karakana za redio hapa Ngamiani, Tanga, mafundi wengi huamini kwamba oskiloskopu ni jicho tu, hupokea ishara na kuionyesha kwenye kioo, na kwamba asiye na jenereta ya ishara hawezi kupima amplifaya. Sivyo. Kile kipini kidogo cha usoni, ambacho wengi hukigusa mara moja tu wanaporekebisha probu (waya wa kupimia), hutoa wimbi la mraba la takriban kilohezi 1. Kwenye Tektronix 545, oskiloskopu ya zamani itumiayo mirija ya elektroni badala ya transista, ukubwa wake huchaguliwa kuanzia milivolti 0.2 hadi volti 100. Lipitishe wimbi hilo, likiwa dogo, katika amplifaya ya taarabu: bapa la juu likiinama, masafa ya chini (sauti nzito) yanapotea, pembe ya mwanzo ikiviringika, ya juu (sauti nyembamba) ndiyo yanayopotea. Nalipenda mno jaribio hili, kwani kasoro mbili huonekana kwa mtazamo mmoja.

Baadhi ya mashine zina pia tundu la kutolea ishara ya chaneli ya kwanza ikiwa imekwisha kukuzwa, nalo hufaa kulishia kihesabu masafa, kifaa kinachohesabu mizunguko ya wimbi kwa sekunde. Lakini 545 hutoa pia wimbi la msumeno, lenye umbo la meno ya msumeno, nalo hufika volti 150; kamwe lisiunganishwe moja kwa moja na saketi ya transista.