"Faux anévrisme": uongo uko wapi?

Kwenye fishi za wagonjwa wa upasuaji hapa Bukavu huandikwa maneno mawili ya Kifaransa: faux anévrisme, aina ya uvimbe wa mshipa wa damu. Familia ikitafsiriwa kwamba ni "aneurisma ya uongo" hushusha pumzi na kuanza kufikiria kurudi nyumbani. Mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa mjini, mwanawe akiwa na uvimbe pajani baada ya kupigwa risasi, hakuridhika: "Docta, kama ni ya bongo, juu ya nini inapiga?" Yaani, kama ni ya uongo, kwa nini inadunda?

Aliuliza jambo lenyewe hasa. Ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, una tabaka tatu. Katika aneurisma ya kweli, tabaka zote hudhoofika na kutanuka pamoja. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwenye ateri kuu ya tumboni ya mzee mvutaji sigara. Katika ile ya uongo, ukuta umetobolewa: risasi, kisu, kipande cha chupa. Damu hutoka, ikazuiwa na nyama za jirani pamoja na damu iliyoganda, na kifuko kikajijenga pembeni. Kifuko hicho hakina ukuta wa ateri, na uongo unaotajwa ni huo tu. Damu iliyomo inasukumwa na moyo, na kwa kuwa hakuna ukuta imara wa kuizuia, hatari ya kupasuka ni kubwa.

Tofauti hii ni ya kale. Katika karne ya 2 mpasuaji wa Kigiriki Antyllus alishatenganisha aneurisma ya kutanuka na ile ya jeraha, akafunga ateri juu na chini ya uvimbe kisha akaupasua. Kwa karne nyingi baadaye, chanzo kimoja kikubwa cha aina ya pili kilikuwa waganga wenyewe: walipomtoa mgonjwa damu kwenye kiwiko, wembe ulipita vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ukatoboa ateri iliyo chini yake. Mwaka 1888, huko New Orleans, Marekani, daktari mpasuaji Rudolph Matas alifungua kifuko mkononi mwa mtu aliyejeruhiwa kwa bunduki, akashona matundu kutokea ndani. Mpaka leo tukiweza tunaziba tundu lenyewe. Likiwa kubwa, tunaunga ateri kwa kipande cha vena ya mgonjwa.

Wafaransa walilitumia neno anévrisme kwa upana zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Corvisart aliita hivyo hata moyo uliopanuka. Maana hiyo imekufa; "faux" imebaki, nami ningependa tuwe tunaifafanua kila tunapoiandika.

Wenzangu wa vituo vya afya, hili nawaomba sana. Uvimbe huu unaweza kutokea wiki kadhaa baada ya kidonda kupona, ukawa wa moto na wenye maumivu kama jipu. Kabla ya kushika kisu, weka kiganja juu yake. Uvimbe ukidunda pamoja na moyo, au ukisikia mvumo kwa stetoskopu, usipasue wala usichome sindano. Usipodunda pia usijihakikishie, maana damu iliyoganda huficha mapigo: kidonda kikiwa karibu na njia ya ateri, omba kwanza ekografia ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyotembea. Uvimbe ukianza kuvuja damu, bonyeza kwa nguvu palepale na usiachie hadi mgonjwa afike chumba cha upasuaji.