"Unaongea na nani humo?"

Jioni moja, Nkuhungu, Dodoma, mama mdogo alimkuta binamu yangu kibarazani, hedifoni sikio moja, anapiga kelele: "Niinue! Niinue, jamaa yuko nyuma ya mti!" Mama mdogo akatazama uani. Hakuna jamaa, hakuna mti. "We mtoto, unaongea na nani humo?"

Alikuwa anaongea na watu watatu: mmoja hosteli ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), mmoja Kondoa, wa tatu Singida. Lakini mtaani bado inasemwa kwamba gemu la mtandaoni ni la mtu mpweke.

Gemu lenyewe ni Free Fire, la kupigana risasi kwenye simu, la kampuni ya Garena ya Singapore, lilitoka 2017. Wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, na kwa dakika kama kumi mechi imekwisha. Unaweza kuingia peke yako, ila utamu wake ni kikosi cha wanne. Ukiangushwa hufi papo hapo. Unatambaa, uhai unapungua, mpaka mwenzako aache kujificha aje akuinue huku risasi zinamfuata. Mimi naona gemu zima liko hapo. Kompyuta unaikariri, mtu hakaririki. Na yule aliyekuacha chini ili aokote bunduki, kesi yake mtaisikiliza wiki nzima. Wazee wa drafti hawashangai: nani alishawahi kufurahia kujifunga mwenyewe?

Tusidanganyane lakini, wale 50 si wote watu. Mechi za ngazi za chini huongezewa maroboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, ndiyo maana mgeni hushinda mapema akajiona noma. Akipanda ngazi, kilio.

"Gemu linamaliza bando." Mechi yenyewe inakula kidogo. Kisiwa, miti na bunduki vimeshapakuliwa, simu yako ndiyo inayovichora. Kinachosafiri ni taarifa fupifupi, fulani kasogea, fulani kafyatua. Mkiongea, sauti inaongeza kiasi. Bando linakwisha gemu likidai kusasishwa, au ukitoka humo ukaanza kutazama video za wanaocheza.

"Nunua bando kubwa, haitaganda." Hii imewala wengi hela. Cha kuangalia ni muda wa taarifa kwenda na kurudi, ile namba ya milisekunde kwenye skrini. Tuseme seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mechi, iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Dodoma ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukipita angani moja kwa moja. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 60 na ushee, uwe na MB 200 au GB 100. Na nyaya zenyewe hazinyooki, zinapita baharini. Ongeza mnara uliozidiwa saa mbili usiku, hosteli nzima ikiwa hewani.

"Almasi ndizo zinazoshinda," yaani pesa ya ndani ya gemu, unayoinunua kwa hela halisi. Nusu kweli. Nguo ni urembo mtupu, ila baadhi ya mapambo ya bunduki huongeza makali kidogo. Asiyejua kulenga hayatamsaidia.

Mama mdogo hajalipenda gemu mpaka leo. Juzi mtandao ulikata katikati ya mechi, binamu akabaki ameshika simu kama ameshika msiba. Mama akainua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua: "Sasa yule wa Kondoa mmemwacha chini?"